Hiroshige na Vijitabu vya Mji wa Edo

Anayechunguza historia ya mji aghalabu huanza na ramani na kumbukumbu za watawala. Makala haya mafupi yanadai kwamba vijitabu vya picha zilizochongwa katika mbao navyo ni hati. Dai hilo linadhihirishwa na maisha ya Utagawa Hiroshige, mchoraji wa Kijapani.

Hiroshige alizaliwa mwaka 1797 katika mji wa Edo, ambao tangu 1868 unaitwa Tokyo. Mnamo 1809 alifiwa na wazazi wote wawili, akarithi kazi ya baba yake, ofisa wa zimamoto, ilhali ni mtoto wa miaka kumi na miwili. Edo ulikuwa mji wa mbao, na moto uliuteketeza mara kwa mara. Muda si mrefu baadaye akawa mwanafunzi wa mchoraji Toyohiro. Picha zake za vituo 53 vya barabara ya Tokaido, zilizotolewa kuanzia 1833, ndizo zilizomjengea sifa.

Kuanzia 1850 alitoa Ehon Edo miyage, yaani kitabu cha picha kilicho zawadi ya kutoka Edo. Juzuu zake ni kumi; saba za kwanza ni zake, na tatu za mwisho ni za mwanafunzi wake aliyerithi jina lake. Ni vijitabu vidogo, ambavyo mgeni aliweza kuvichukua safarini na kuwaonyesha wa nyumbani madaraja, mahekalu na masoko ya mji. Aidha, hatuna budi kukumbuka kuwa kazi hiyo ni ya mikono mingi: yeye alichora, mchongaji akakata mbao, mpigaji chapa akapaka rangi na kusugua karatasi.

Mwaka 1855 tetemeko la ardhi pamoja na moto viliharibu sehemu kubwa ya Edo. Juzuu zilizotangulia zikawa ushahidi wa mji wa kabla ya maafa. Mwaka uliofuata Hiroshige alitawa, akaanza mfululizo wa picha zaidi ya mia moja za mji uleule. Humo magofu ni nadra, maana alichagua uzuri. Kwa hiyo msomi hana budi kuyapima yaliyochorwa na yaliyoachwa.

Alifariki mwaka 1858, wakati wa mlipuko wa kipindupindu. Mji wake uliungua tena mwaka 1923, na tena 1945. Kwa mitaa mingi iliyotoweka, picha hizo ndizo mlango wa kuingilia.