Tunamkumbuka Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka

Katika toleo hili la kumbukumbu tumeombwa tueleze habari za mtu mmoja wa nchi hii iliyotupokea. Watoto wetu humsikia shuleni kama waziri mkuu wa kwanza wa Uganda. Sisi tunapenda zaidi kumkumbuka kama jaji, na sababu yetu mtaiona mbele.

Benedicto Kiwanuka alizaliwa mwaka 1922 huko Buddu, upande wa Masaka. Wakati wa Vita Kuu ya Pili aliingia jeshi la KAR. Alipotoka jeshini alipata kazi mahakamani, ya ukarani na ukalimani. Wenzetu wanaofanya ukalimani hapa kambini wanajua kazi hiyo ilivyo: unasikia neno la mshtaki na neno la mshtakiwa, na huna ruhusa ya kuongeza wala kupunguza. Baadaye alikwenda kusoma Basutoland, nchi iitwayo leo Lesotho, kisha London, na mwaka 1956 akawa wakili.

Habari za siasa tutazipitia upesi. Mwaka 1958 alichaguliwa kuongoza chama cha DP. Chama kilishinda uchaguzi wa 1961, naye akawa Waziri Kiongozi, halafu Waziri Mkuu tarehe 1 Machi 1962. Mwezi uliofuata alishindwa katika uchaguzi mwingine, na uhuru ulipofika Oktoba 1962 aliyekuwa madarakani ni Milton Obote. Mwaka 1969 serikali ya Obote ilimtia kizuizini.

Januari 1971 Idi Amin alipindua serikali, akawafungulia wafungwa wa siasa, Kiwanuka akiwa mmojawapo. Mwezi Juni mwaka huohuo Amin akamteua kuwa Jaji Mkuu, Mganda wa kwanza kushika cheo hicho. Wapo kati yetu wanaouliza kwa nini alikubali. Katika kikao cha kamati swali hilo lilitupa mabishano marefu. Lakini siku zile watu wengi walimwona Amin kama mkombozi, na aliyetolewa kizuizini juzi si rahisi amkatae aliyemfungulia mlango. Sisi tunamhukumu kwa alichofanya alipokwisha kukaa kwenye kiti.

Septemba 1972 nchi ilikuwa katika hofu. Waasia walikuwa wamepewa siku 90 wawe wameondoka, na tarehe 17 wafuasi wa Obote walivuka mpaka kutoka Tanzania wakiwa na silaha. Mwezi huo lililetwa mbele ya Kiwanuka shauri la Mwingereza mmoja, mfanyabiashara aitwaye Daniel Stewart, aliyekamatwa na wanajeshi. Mtu huyo hakuwa ndugu yake wala wa chama chake. Kiwanuka aliamua kwamba kuzuiliwa kule hakukuwa halali, akaamuru aachiliwe. Maana yake ni kwamba hata mwenye bunduki hana budi kueleza mbele ya mahakama amemshika mtu kwa sheria gani.

Asubuhi ya tarehe 21 Septemba watu wenye silaha waliingia katika jengo la Mahakama Kuu, Kampala, wakamtoa ofisini mwake. Walioshuhudia walieleza kwamba alivuliwa viatu. Alitiwa ndani ya gari, na jamaa zake hawakumwona tena. Serikali ilikana, ikawasingizia waasi. Maiti yake haikupatikana hata leo, na sisi ambao tuna ndugu tusiowazika tunajua msiba wa namna hiyo hauna siku ya kuisha.

Kiti kilijazwa, lakini kila jaji aliyeingia ndani ya jengo lile alipita palepale alipokokotwa mkubwa wao. Mtu anayeandika hukumu huku akisikiliza mlio wa gari nje hawezi kuandika kwa uhuru. Amin aliondolewa Aprili 1979, akafa Saudi Arabia mwaka 2003 bila kufikishwa mahakamani. Tangu 2018 mahakama za Uganda huandaa mhadhara wa kumbukumbu ya Kiwanuka.

Ndugu zetu, wazee wetu wa usuluhishi si majaji. Hawana mshahara wala joho, wanakaa kwenye mabenchi chini ya mti. Hata hivyo, mwezi uliopita mmoja wao alipigiwa mawe juu ya bati usiku, baada ya kuamua shauri la shamba dhidi ya mtu mwenye jamaa wengi. Mama watoto wake amemwomba aache. Mzee amesema ataendelea, ila ameomba asirudi nyumbani peke yake vikao vikichelewa.

Kamati imekubali. Vijana sita wa ulinzi watamsindikiza kwa zamu, nao hawatachaguliwa katika ukoo wa upande wowote wa shauri. Shauri lile litasikilizwa tena Jumatano baada ya mgao, na pande zote mbili zimekwisha kuitwa.