Nettie Stevens

Nettie Maria Stevens (Cavendish, Vermont, 7 Julai 1861 – Baltimore, Maryland, 4 Mei 1912) alikuwa mwanabiolojia wa Marekani. Anajulikana hasa kwa kuonyesha, mwaka 1905, kwamba jinsia ya kiumbe huamuliwa na kromosomu.

Alikuwa binti wa seremala. Kwa miaka mingi alifundisha shuleni huku akiweka akiba ya kujisomesha, hivyo alikuwa na umri wa miaka 35 alipojiunga na Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1896. Baadaye alihamia Chuo cha Bryn Mawr, Pennsylvania, alikopata shahada ya uzamivu mwaka 1903. Mmoja wa walimu wake huko alikuwa Thomas Hunt Morgan.

Wakati huo wataalamu wengi waliamini kwamba jinsia hutokana na chakula au joto kiumbe anapokua. Stevens alichunguza kwa hadubini seli za mbawakawa wa unga. Aliona kwamba jike ana kromosomu 20 kubwa, lakini dume ana 19 kubwa na 1 ndogo sana. Maana yake mbegu za dume ni za aina mbili: nusu hubeba ile ndogo na nusu hazina, ilhali mayai yote yanafanana. Yai likirutubishwa na mbegu yenye kromosomu ndogo, hutokea dume. Likirutubishwa na nyingine, hutokea jike.

Siku hizi kromosomu hiyo ndogo huitwa Y na mwenzake huitwa X. Binadamu pia wanazo. Mwaka 1959 ilionekana kwamba mtu aliyezaliwa na X mbili pamoja na Y huwa mwanamume, na mwenye X moja bila Y huwa mwanamke. Kwa hiyo jinsia ya mtoto hutegemea mbegu ya baba, ingawa hadi leo ni mama anayelaumiwa kwa kuzaa wasichana watupu.

Edmund Beecher Wilson alifikia matokeo ya namna hiyo mwaka uleule wa 1905 kwa kuchunguza wadudu wengine, lakini bado aliyapa mazingira nafasi fulani. Stevens alikuwa na msimamo thabiti zaidi. Hata hivyo vitabu vingi vilimsifu Wilson, au Morgan, ambaye mwanzoni alikuwa na mashaka. Morgan alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1933 kwa utafiti wake juu ya kromosomu na urithi.

Stevens alifariki kwa saratani ya matiti, miaka 9 tu baada ya kupata uzamivu. Chuo cha Bryn Mawr kilikuwa kimemwandalia nafasi ya profesa wa utafiti, lakini hakuwahi kuianza.