Archer Martin: Mtafiti wa sufu aliyewafaa watoto wa Ziwa Victoria

Mtoto anayelishwa uji wa muhogo mtupu siku nenda siku rudi, awe Mwanza, Bukoba au Kampala, huweza kuonekana hana tatizo kumbe ananyemelewa na unyafuzi. Miguu inapovimba na nywele kubadilika rangi, maradhi huwa yamekwisha kukomaa. Njia ya kuchungulia damu yake mapema ilitangazwa na watafiti wa Kampala mwaka 1964, na chimbuko lake ni Mwingereza aliyekuwa akichunguza manyoya ya kondoo.

Archer Martin alizaliwa London, Machi 1, 1910. Kusoma kulimpa taabu utotoni, lakini mikono yake haikutulia: aliunganisha makopo ya kahawa kwa risasi, akatengeneza mnara wa kukenekea vimiminika nyumbani kwao. Alisomea Chuo Kikuu cha Cambridge, na mwaka 1938 akahamia Leeds, kwenye taasisi ya utafiti wa sufu, ambako alishirikiana na Richard Synge.

Sufu ni protini, na protini hujengwa kwa asidi amino zinazofanana mno kiasi kwamba kuzitenganisha kuliwashinda wengi. Mwaka 1941 wawili hao walifaulu kwa kuzipitisha katika bomba lenye unga wa silika uliolowa maji, huku klorofomu ikizisukuma. Hata hivyo, ililazimu kuzibadilisha kwanza kikemikali. Kero hiyo iliondoka mwaka 1944, Martin na wenzake wengine walipotumia karatasi ya kuchujia tu. Tone liliwekwa pembeni, kimiminika kikapita, na kila asidi ikasafiri kwa mwendo wake bila kubadilishwa. Dawa ya ninihidrini ilipopuliziwa, madoa ya zambarau yalijitokeza. Hapakuhitajika mtambo wa gharama.

Martin na Synge walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1952. Makala yao ya 1941 ilikuwa imekwisha kubashiri kwamba chembe ndogo sana na shinikizo kubwa vingeboresha kazi hiyo, na ndivyo zifanyavyo mashine za leo.

Huko Mulago, Kampala, Roger Whitehead alihitaji matone machache tu ya damu kutoka kidoleni mwa mtoto. Kwenye karatasi alilinganisha makundi mawili. Glisini na serini, ambazo mwili hujitengenezea, hubaki palepale. Leusini na valini, ambazo lazima zitoke kwenye chakula kama dagaa au maharage, hupungua hata kabla ya uvimbe. Baadaye ilibainika kwamba uwiano huo huyumbishwa pia na mlo wa siku za karibuni, na kwamba unyafuzi hausababishwi na upungufu wa protini pekee.

Martin alipoteza kumbukumbu uzeeni. Alifariki dunia Julai 28, 2002, akiwa na miaka 92.