Gakaara wa Wanjau: Kalamu Kizuizini

Wanafunzi wengi walipochambua uhusika wa Tunu katika Kigogo, waliandika kana kwamba mtu wa aina hiyo hupatikana vitabuni tu. Kabla hujajibu swali la mtetezi wa haki, soma maisha ya jirani yako. Ukitoka Embu ukapitia Kutus na Sagana, utafika Karatina, mji ambao Gakaara wa Wanjau alikuwa na matbaa yake.

Alizaliwa mwaka 1921 huko Nyeri, babake akiwa mchungaji wa Kipresbiteri. Alisomea Alliance, lakini akafukuzwa mwaka 1940 kwa kushiriki mgomo, ndipo akajiunga na jeshi la Mwingereza. Baada ya vita alianza kuandika. Mwaka 1948 alichapisha kijitabu kwa Kiswahili, Roho ya Kiume na Bidii kwa Mwafrika. Zingatia lugha hiyo. Gakaara anajulikana zaidi kwa maandishi ya Kikikuyu, ila hapa alitaka kusomwa na Mwafrika wa kabila lolote.

Kilichomuudhi mkoloni zaidi kilitoka mwaka 1952. Gakaara alichukua muundo wa Imani ya Mitume, ile ambayo mtoto wa mchungaji huikariri tangu utotoni, akaujaza imani ya Gikuyu na Mumbi. Katika fasihi tunaweza kuiita mbinu hiyo mwigo. Msomaji aliyeijua ile ya kanisani alielewa papo hapo kwamba ardhi na ukoo vimepewa utakatifu. Usidhani ulikuwa mchezo wa maneno.

Hali ya Hatari ilipotangazwa Oktoba 20, 1952, Gakaara alikuwa miongoni mwa waliokamatwa mwanzo kabisa. Alihamishwa kambi moja hadi nyingine, ikiwemo ya kisiwa cha Manda karibu na Lamu, hadi muongo ule ulipokaribia kwisha. Mkewe, Shifra, naye alitiwa kizuizini. (Wewe wa Embu waulize wazee kuhusu Mwea: mifereji ya kwanza ya mpunga ilichimbwa na wafungwa wa kambi za wakati huohuo.)

Humo kambini Gakaara aliandika shajara kwa siri. Mrusi Solzhenitsyn, aliyefungwa katika kambi za Stalin, alilazimika kuhifadhi tungo zake kichwani kwa kuwa karatasi ingemponza. Gakaara alithubutu kuweka karatasi. Shajara hiyo ilichapishwa mwaka 1983, ikashinda Tuzo ya Noma mwaka 1984 pamoja na kitabu cha Njabulo Ndebele wa Afrika Kusini.

Je, uhuru ulimwondolea mashaka? Mwaka 1986 serikali ya Wakenya wenyewe ilimkamata, ikimhusisha na Mwakenya. Kwa maoni yangu, hapa ndipo maisha yake yanapokaribiana zaidi na Sagamoyo, kwa sababu Majoka si mkoloni. Mtahiniwa aliyesema kwamba Kigogo inahusu ukoloni tu alipoteza alama.

Alirudi Karatina akaendelea kuchapisha. Alishikilia pia kwamba irabu ndefu za Kikikuyu ziandikwe kwa herufi mbili, kama unavyoziona katika jina lake. Alifariki mwaka 2001.