Maisha ya Moshoeshoe, Mfalme wa Wasotho

Katika taarifa ya kila mwaka ni desturi kuhesabu fedha zilizoingia na zilizotoka. Si vibaya wanachama na wazee wetu wakihesabu pia akiba ya hekima iliyoachwa na waliotutangulia. Mmoja wao ni Moshoeshoe, aliyeliongoza taifa dogo lililozungukwa na wenye nguvu kuliko yeye.

Alizaliwa yapata mwaka wa 1786 huko Menkhoaneng, katika nchi iitwayo sasa Lesotho. Baba yake, Mokhachane, alikuwa mkuu wa ukoo mdogo tu. Zama zile vita vilienea kusini mwa Afrika, na njaa ilizidi hata wengine wakala watu. Mwaka wa 1824 Moshoeshoe aliwahamishia watu wake juu ya mlima Thaba Bosiu, wenye kilele tambarare, chemchemi za maji na njia chache za kupandia. Njiani babu yake, Peete, alikamatwa na wala watu akaliwa. Husimuliwa kwamba wauaji hao walipoletwa mbele yake, hakuwaua, bali aliwafanya raia zake. Hivyo wakimbizi wa makabila mengi walimjia, wakawa taifa moja.

Mwaka wa 1831 jeshi la Mzilikazi liliushambulia mlima likashindwa. Moshoeshoe aliwapelekea maadui waliokuwa wakirudi kwao ng'ombe wanono, akawaambia kwamba bila shaka ni njaa iliyowaleta. Hawakurudi tena.

Kisha wakaja watu wa namna nyingine: Makaburu waliotafuta mashamba, na Waingereza waliotawala Cape. Moshoeshoe hakulelewa katika kusoma wala kuandika, lakini alitambua upesi nguvu ya karatasi. Mwaka wa 1833 aliwapokea wamisionari wa Kifaransa, na mmoja wao, Eugène Casalis, akawa mshauri wake na mwandishi wa barua zake. Mwaka wa 1843 alifanya mkataba na Gavana Napier, akatambuliwa kuwa rafiki wa Waingereza.

Lakini urafiki wa wakubwa hauna mizizi. Mwaka wa 1849 mwakilishi wa Waingereza alichora mpaka uliowapa Makaburu ardhi nyingi ya Wasotho. Desemba 1852 Gavana Cathcart alikuja na majeshi, akadai ng'ombe 10,000 na farasi 1,000 katika muda wa siku tatu. Zililetwa ng'ombe 3,500 tu, vita vikaanza, na Wasotho wakawazuia Waingereza katika mlima wa Berea. Usiku uo huo Moshoeshoe aliandikisha barua. Hakujisifu hata kidogo, bali alimwomba Gavana aridhike na ng'ombe aliokwisha kuwateka na kuwapa watu wake amani. Cathcart, akiisha kupata njia ya kuondoka kwa heshima, akaondoka.

Mwaka wa 1854 Waingereza waliwaachia Makaburu nchi ya Orange, na Wasotho wakabaki peke yao. Mwaka wa 1858 Makaburu walishindwa kuutwaa Thaba Bosiu. Walirudi mwaka wa 1865, wakachoma mashamba, na mwaka uliofuata Mfalme alilazimika kutia sahihi mkataba wa kuwaachia ardhi nyingi. Mlima haukutekwa, lakini watu hawali mawe. Basi mzee huyo akazidi kuomba ulinzi wa Malkia wa Uingereza, maana aliona heri bwana aliye mbali kuliko jirani aitamaniye shamba lako. Tarehe 12 Machi 1868 Gavana Wodehouse aliitangaza nchi kuwa chini ya Malkia.

Moshoeshoe alifariki tarehe 11 Machi 1870, akazikwa juu ya mlima wake. Mashamba mazuri ya magharibi ya mto Caledon hayakurudi tena, na hatuna budi kuitaja hasara hiyo. Hata hivyo, Muungano wa Afrika Kusini ulipoundwa mwaka wa 1910, nchi yake haikumezwa, na tarehe 4 Oktoba 1966 Lesotho ilipata uhuru.

Wazee wetu, tukumbuke mambo mawili. Alipokuwa na nguvu, alimwachia adui mlango wa kutokea. Alipokuwa dhaifu, alitambua lipi la kutoa ili lililo kubwa lisipotee.