Sheikh Hussein na safari ya fimbo yenye panda

Ukishuka basi Garissa baada ya kilomita kama 370 kutoka Nairobi, mgongo unauma, si ndio? Sasa msikie Sheikh Hussein. Simulizi husema ukoo wake ulitoka Merca, Somalia. Yapata karne ya 13 alieneza Uislamu Bale, Ethiopia, akazikwa hukohuko. Tangu hapo watu humzuru kwa miguu, wiki baada ya wiki, wakishika fimbo yenye panda. Ukiwa nayo, wenyeji hukulisha na kukulaza. Sifa zake huimbwa hadi kwa Waborana wa Isiolo, kaunti jirani ya Garissa. Wapo masheikh wanaopinga kuzuru makaburi. Lakini wewe, nini kingekufanya utembee hivyo?