Mtakatifu Vinsenti wa Paulo na Mgeni Anayeomba Nauli



Chato ni mji wa wapitaji: wasafiri wa Mwanza na Bukoba, wavuvi wa Ziwa Viktoria, vijana wanaokwenda kubahatisha kwenye machimbo ya dhahabu. Kwa hiyo mlango wa parokia haukosi mgeni. Huyu kaibiwa nauli, yule ana mgonjwa hospitalini. Wengine wanasema kweli. Wengine tunawapa asubuhi, na jioni tunawaona kilabuni. Ukishadanganywa mara mbili tatu, moyo unaanza kujifunga. Hapo ndipo tunapomhitaji Mtakatifu Vinsenti wa Paulo.

Alizaliwa mwaka 1581 huko Pouy, Ufaransa, katika familia ya wakulima, na utotoni alichunga mifugo. Alipadrishwa mwaka 1600, akiwa bado anawaza zaidi maisha mazuri kuliko maskini.

Mwaka 1617 alikuwa paroko wa Châtillon. Dominika moja, kabla ya Misa, aliambiwa kwamba nje ya mji kuna familia ambayo wote ni wagonjwa. Aliwaambia waamini, na baada ya ibada watu walimiminika huko na vyakula. Vinsenti alifurahi, lakini akaona kasoro: chakula kilikuwa kingi mno kwa siku moja, kingeharibika, kisha njaa ingerudi. Upendo ulikuwapo, utaratibu haukuwapo. Akawakusanya akina mama wa parokia, wakapeana zamu na kutunza hesabu.

Miaka minne baadaye alipita Mâcon, mji uliojaa ombaomba. Wengi walimcheka aliposema jambo hilo linaweza kutengenezwa. Maskini wakaandikwa majina, wapata mia tatu, wakawa wanapewa msaada siku maalumu. Mwenye nguvu za kufanya kazi aliongezewa tu kile kilichopungua. Aliyeendelea kuomba mitaani alikosa fungu lake. Na mgeni mpitaji? Alilazwa usiku mmoja, kesho yake akapewa fedha kidogo ya njiani. Wazee wetu nao wanasema mgeni ni siku mbili, ya tatu apewe jembe.

Tuone vizuri: mgeni hakufukuzwa mikono mitupu, wala hakukabidhiwa mfuko wote. Tahadhari ya Vinsenti haikuwa ukuta wa kulinda mfuko wake; ilimlinda maskini, kwa sababu fedha anayoichukua mwongo ni dawa ya mjane anayeona haya kuomba.

Alifariki Paris tarehe 27 Septemba 1660, akatangazwa mtakatifu mwaka 1737.

Sisi tufanye nini? Anayeomba nauli, tumsindikize stendi tumlipie kwa kondakta. Mwenye njaa, tumpe sahani ya chakula, tukae naye anapokula. Mwenye mgonjwa, twende naye hospitalini tukalipe pale pale. Wa kwetu, tuwaulize viongozi wa jumuiya yake. Na tusiamue peke yetu, hasa mseminari aliye mazoezini, tumshirikishe paroko.

Njia hii inatudai muda kuliko kutoa noti na kufunga mlango. Pengine tutadanganywa tena hata hivyo. Hasara hiyo inalipika. Mtu mwenye njaa kweli akiondoka mlangoni kwetu kwa sababu ya uongo wa mwingine, hiyo hatuwezi kuilipa.

Mtakatifu Vinsenti wa Paulo, utuombee.